Patia Scovia

Ukitafuta chumba Koboko siku hizi, jitayarishe kudharauliwa. Watu wanavuka mpaka kutoka Sudani Kusini, wengine kutoka Kongo, wengine wanashuka kutoka vijiji vya Ludara na magodoro yao, na wajenzi hawawawezi. Tofali halijapoa tanuruni limeshapata mwenyewe. Nyumba haijaezekwa, mtu ameshatundika pazia. Basi wenye nyumba wameota mapembe, na Obeti amewapita wote. Alimpa Poni mpaka Jumamosi ahame kwa sababu shirika fulani lilivitaka vyumba vyake vyote sita, na Alhamisi akaja na nyundo akang'oa mlango, ili mama huyo na watoto wake watatu waelewe vizuri.

Poni alielewa. Alikuwa mjane kutoka Yei, muuza dagaa, na mwezi mzima alikuwa akibisha kwenye milango ya watu. Ijumaa aliwaacha watoto kwa jirani, akapanda gari la alfajiri kwenda Arua. Alinunua gunia la dagaa, akalipakia kwenye basi litangulie Koboko, kisha yeye akabaki kutafuta chumba hukohuko.

Arua nako kumefurika. Alizunguka upande wa Ayivu mpaka nyayo zikawaka moto. Mwishowe akaelekezwa kwenye baraza la mwenye nyumba mmoja, ambapo wanawake tisa walikuwa wamekaa wakisubiri chumba kimoja, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Poni akawa wa kumi. Hapo ndipo simu yake ilipolia.

Alikuwa Alionzi wa Koboko. Asubuhi Alionzi hushusha mizigo ya mabasi pale stendi, mchana ni dalali wa vyumba, na kazi zote mbili huzifanya kwa kelele.

"Poni, muzigo yako iko. Kuja sasa."

"Mimi iko Arua. Patia Scovia, yeye iko karibu."

"Scovia? Wewe iko sure? Hapa watu mingi nataka."

Kichwani mwake Poni aliwaona wezi wa dagaa wakilizunguka gunia lake. "Patia Scovia, nasema. Ambia yeye aweke vitu ndani, afunge."

Alikata simu akiwa ameudhika. Scovia ni dada wa marehemu mume wake, Lukudu, na alikuwa akilala stoo, nyuma ya duka la nafaka palepale stendi. Mawifi hawa wawili hawaivi chungu kimoja. Wiki mbili tu baada ya mazishi ya Lukudu, Poni alimtoa Scovia nyumbani, akisema chumba ni kidogo. Hakikuwa kidogo hivyo. Lakini kulinda gunia moja, Poni alijiambia, hata mtu anayekuchukia anaweza.

Saa tisa mtoto wa mwenye nyumba akatoka kuwaambia kwamba chumba kimechukuliwa na mtu ambaye hata barazani hakuwahi kukaa. Wanawake kumi walisonya, wakaondoka kila mmoja na njia yake.

Poni alipofika stendi ya Koboko alikuta gunia lake limelala juani, peke yake. Akamvaa Alionzi.

"Mimi nasema patia Scovia!"

"Gunia hii? Basi naharibika njiani, hii nafika sasa hivi." Alionzi alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Scovia nachukua muzigo. Muzigo! Ile wewe naomba mimi tafuta, nyumba nyuma ya soko."

Alionzi alikaa Kampala miaka minane, na huko chumba kimoja cha kupanga watu hukiita muzigo. Mwanamke wa Yei, aliyeokota Kiswahili chake kati ya magunia ya sokoni, angejuaje? Kwake mzigo ni kitu cha kubebwa. Poni aliketi juu ya dagaa wake, kisha akainuka kwenda nyuma ya soko.

Chumba kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililomuuma. Plasta bado mbichi, mlango wa chuma, na godoro la Scovia limeshatandikwa, mwenyewe amekaa juu yake.

"Toka," Poni akasema.

"Wewe ndio nasema patia Scovia. Wewe ndio nasema niweke vitu ndani." Scovia hakuinuka. "Sasa mimi iko ndani."

"Ilikuwa makosa."

"Na siku ile unatoa mimi, ilikuwa makosa?"

Poni akamwita mwizi, akamwita mchawi, akamtukania mpaka watu wasiohusika. Majirani walitoka. Hakuna aliyeamua ugomvi. Mmoja aliuliza tu kama chumba kitaachwa wazi, maana ana ndugu yake anatafuta.

Jumamosi asubuhi Obeti alileta watu wa kuezua mabati huku watoto wangali wanakunywa uji. Poni alibeba godoro kichwani. Hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alikwenda palepale alipotukana jana yake.

Scovia alisimama mlangoni, akawatazama watoto mmoja mmoja.

"Mama Tombe, hawa ni watoto ya kaka yangu. Hawa naingia." Akanyoosha mkono kuzuia njia. "Wewe, hapana. Chumba iko kidogo."

Keji, mdogo kuliko wote, aliingia mbio kuona mlango wa chuma unavyofungwa. Wa pili akamfuata. Tombe, mkubwa wao, alibaki amemshika mama yake gauni, na Poni mwenyewe akavibandua vidole vyake, akamsukuma mgongoni mpaka ndani.

Scovia alilipokea godoro.

"Asante," Poni akasema. Maishani mwake hakuwahi kumchukia mtu namna ile. Akasema tena, kwa sauti zaidi, Scovia asije akabadili mawazo.