Kikombe cha Bwana Haigh

Dilys Prowse, mkuu wa wahudumu wa wazee majumbani, hakuwa mtu wa kujikunyata. Ripoti ya mchunguzi wa malalamiko ilipotua ofisini, ikisema halmashauri ya Harkley ilikosea na lalamiko limethibitishwa, wenzake walianza kutafuta wa kumtupia lawama. Yeye alitafuta koti lake.

Kosa lenyewe lilikuwa la kipuuzi hadi linatia hasira. Mpango wa huduma wa Bwana Clifford Haigh, mzee wa miaka themanini na sita, ulisema: "Kuandaa chai." Wahudumu wakaandaa. Wakaiacha jikoni, wakaweka alama kwenye simu kwamba kazi imekwisha, wakakimbilia nyumba nyingine. Mzee alikuwa sebuleni kitini, miguu haimbebi. Siku ya kumi na moja alijaribu kuifuata chai hiyo, akaanguka na kuvunjika nyonga. Sasa nyonga imepona, yuko kwenye makao ya wazee na anataka kurudi kwake, lakini binti yake Glenda ameapa kwamba halmashauri haimgusi tena.

"Barua ya kuomba radhi umeleta?" Glenda alimuuliza Dilys mlangoni kwake.

"Nimeleta. Wameiandika wanasheria, kwa hiyo haina ladha. Tulikosea, Bi Glenda. Baba yako alikaa na kiu huku chai inapoa hatua kumi tu kutoka kwake, na sisi tukajipongeza."

"Maneno unayo."

"Na kazi ninayo. Nimeogesha wazee miaka mingi kabla sijapewa kiti cha ofisini. Mlete nyumbani Jumatatu asubuhi. Nitamhudumia mimi, kwa ratiba ileile ya wahudumu wangu. Ukiona upuuzi, mrudishe, nami sitakusumbua tena."

Jumatatu Glenda alimleta baba yake, ila sanduku la nguo za mzee aliliacha ndani ya gari makusudi.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" Bwana Haigh alimuuliza Dilys. "Wale wenzio hata makoti walikuwa hawavui. Nikadhani humu ndani kwangu kunanyesha."

"Hata mimi sijavua, Bwana Haigh. Ratiba inanipa robo saa."

Alichemsha maji, akatia majani na maziwa, akamletea kikombe mpaka mikononi. Mikono ya mzee ilitetemeka. Alikibeba kwa yote miwili, akafyonza kidogo, akapumzika, akailaani timu yake ya raga, akafyonza tena. Dakika ya kumi na tano ilipofika, chai ilikuwa nusu.

"Muda umekwisha," alisema Glenda. "Hapa ndipo wenzio huondoka."

Hilo lilimchoma Dilys, kwa maana robo saa ile aliidhinisha yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, akiwa ameshiba. Alikuwa amekuja kusahihisha wahudumu, kumbe wa kusahihishwa ni yeye. Hakupoteza muda kuona haya. Alimpigia msaidizi wake simu papo hapo.

"Norman, futa ziara za robo saa. Za wote, siyo za Bwana Haigh peke yake. Ziwe nusu saa, na mtu asiweke alama mpaka mwenye chai amekunywa."

"Madiwani watatuchinja, Dilys!"

"Waambie nakuja mwenyewe Alhamisi. Na wajiandae vizuri, maana mimi nimejiandaa."

Alikata simu, akakaa. Dakika ya ishirini na sita Bwana Haigh alimaliza, akachungulia ndani ya kikombe, akakunja uso.

"Binti, chai yako ni nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo."

"Hilo ni lalamiko?"

"Ni lalamiko, tena kubwa."

"Limethibitishwa," Dilys akasema. "Nikutengenezee nyingine, iliyokolea?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Glenda hakucheka. Alimwendea Dilys kwa nyuma, akalishika koti mabegani, akamvua, akalitundika ukutani kando ya koti la baba yake. Kisha akachukua funguo za gari, akatoka kwenda kuleta sanduku.