Akaunti Moja

Kifaa kinachosimamia mtandao wa mitambo yetu ya maji tumekibatiza Mmbea, kwa sababu hakuna jambo litakalotokea kwenye pampu asilianike. Yeye ni kisanduku cheusi ndani ya kabati, na mimi humwendesha kupitia ukurasa wake kwenye kompyuta. Shida ni kwamba Mmbea hasemi tu, hutenda pia. Akikuta pampu imezimwa, huiwasha mwenyewe. Ndiyo maana fundi akiingia tangini, kwanza namweka Mmbea kwenye hali ya matengenezo kwa muda maalumu, asiguse kitu hadi muda huo uishe.

Siku hiyo fundi alikuwa mume wangu, Baba Pacha. Swichi ya kuzimia pampu kule tangini, mbali na ofisi, iliungua, na mpya tumeiomba hadi midomo imekauka, kwa hiyo uhai wake ulitegemea ukurasa ule. Kama kawaida yake aliacha viatu juu kwenye mfuniko, simu ndani ya kiatu, akashuka kukwangua tope kwenye mdomo wa bomba.

Tope lilikuwa jingi. Muda ukakaribia kwisha na bado hajatoka. Nikabofya "Ongeza muda", ukurasa ukanirudisha mlangoni kudai jina na nywila. Nikaingia. Kabla sijafika kwenye kitufe, nikatolewa tena.

Nilijua mara moja. Ofisi nzima tunatumia akaunti moja, amri ya mkuu wetu wa mitambo, mzee asiyependa mambo mengi, na anayeingia humtoa aliyemo. Mkuu alikuwa kwake anauguza mguu. Bila shaka alichoka kukaa bure, akaingia kuchungulia. Nikaingia, akanitoa. Nikaingia, akanitoa. Tulisukumana mlangoni kama watoto, na chini kulikuwa na mtu. Mwishowe Mmbea akaniambia nywila si sahihi. Mzee alikuwa ameibadilisha.

Nilimchukia, nasema kweli. Nikampigia, simu inatumika. Nikarudia, inatumika. Nikampigia mume wangu huku nikijua navipigia viatu. Iliita hadi ikakata. Nikarudi kwa mkuu, bado inatumika. Anapiga soga na nani mchana kweupe?

Ndipo akili ikanirudia. Anampigia nani kama si mimi? Kila nilipomtafuta, naye alikuwa ananitafuta. Nikaiweka simu mezani, nikaikalia mikono yangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

Ikaita.

"Mama Pacha, kuna mwizi kwenye mfumo," alisema mkuu, anahema kwa ushindi. "Namtoa, anarudi. Sasa nimebadilisha nywila, nimemkomesha."

"Mwizi ni mimi, mkuu. Baba Pacha yuko tangini na muda unaisha. Bofya ongeza muda."

Kisha nikamsikia akimuuliza mkewe miwani iko wapi, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. Nikamwelekeza kwenye kitufe cha rangi ya chungwa, chini, upande wa kulia. Alisoma kila neno kwa sauti, taratibu, kama anayejifunza kusoma, nami nilitamani kumpokonya macho nisome mwenyewe.

"Imekubali," alisema hatimaye. "Imekubali, mwanangu."

Hakukata simu, wala mimi sikukata. Tulikaa hivyo, nikimsikia anavyopumua, hadi simu ya mezani ya ofisi ilipoita.

"Mbona umenipigia, halafu simu yako inatumika tu?" aliuliza mume wangu. "Watoto wazima?"

Nikamwambia wazima, avae viatu arudi.

Kwenye ile simu nyingine mkuu alikuwa amesikia yote. Aliniuliza kwa unyonge, akaunti yangu mwenyewe ningependa aiandike jina gani. Nilikuwa nalia.