Mstari wa Chini

Kaisari Domitiano aliuawa Roma, na kabla hatujamaliza kunong'ona, amri ya Baraza la wazee wa huko ikafika kwetu mjini Puteoli: jina lake lifutwe kwenye kila jiwe. Jana alikuwa bwana wetu, leo hata kumtaja ni kosa. Mambo haya hunichefua. Mtawala akiwa hai kila mtu ni chawa wake. Akifa, kila mtu alimchukia tangu zamani.

Kazi ikatuangukia sisi. Mume wangu Epafra anachonga mawe, lakini kusoma hajui. Mimi humchorea herufi kwa makaa, naye hufuata alama. Asubuhi ile diwani Vibio alikuja mwenyewe karakanani.

"Jiwe la barabarani liwe safi kabla ya adhuhuri," alimwambia Epafra. "Likibaki, nitaandika Roma kwamba wewe ni mtu wa marehemu."

Watu walikuwa wakiuawa kwa maneno machache kuliko hayo.

Jiwe lenyewe liko juu ya ukuta, mwanzo wa barabara ambayo marehemu alitujengea. Zamani njia ile ilikuwa mchanga mtupu. Mama yangu alikata roho humo tukimpeleka kwa mganga, gurudumu la gari la ng'ombe limezama. Kwa hiyo mkono ulikuwa mzito nilipozungushia jina lile makaa. Alikuwa katili, najua. Barabara yake pia naijua.

Epafra alikuwa ameshapanda ngazi, tindo mkononi, Ofili alipofika. Ofili ni askari mstaafu, sikio moja aliliacha vitani kwenye mto Danubi. Akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Epafra mwanangu, ukigonga herufi moja tu, unashuka kwa kichwa."

"Mzee wangu, nimeamriwa."

"Hata mimi niliamriwa, nikaenda. Kaisari alitufuata huko kwenye theluji. Hao wa Baraza walilala wapi?"

Ngazi ikatikisika. Chini yake ni mawe matupu. Nikamvuta Ofili mkono, hakusogea hata kidogo. Watu wakaanza kukusanyika, jua linazidi kupanda, na Epafra juu kule haendi mbele wala harudi nyuma. Ndipo Vibio akaja na walinzi wawili.

"Bado tu?" Akatazama alama zangu, kisha akashusha sauti. "Flavia, na mstari wa chini uondoke."

"Amri inasema jina la Kaisari tu, mheshimiwa."

"Nimesema uondoke."

Ofili akageuka. Naye kusoma hajui. "Huo mstari wa chini unasemaje, bibie?"

Vibio akanikazia macho, nami nikaelewa: ukisema, umekwisha. Nikatazama juu, nikaona mume wangu alivyoukumbatia ukuta. Nikasoma kwa sauti, kila mtu asikie.

"'Diwani Vibio amelisimamisha jiwe hili, kwa mapenzi yasiyo na mwisho.'"

Mtu mmoja alicheka nyuma yetu. Ofili hakucheka. Akaishika ngazi upya, safari hii ili isitikisike.

"Futa jina la Kaisari, mwanangu. Ameshakufa, halimuumi. Lakini huo mstari wa chini, atakayeugusa aanze na mimi."

Walinzi wakatazama pembeni. Mmoja wao alikuwa amefunzwa upanga na Ofili. Epafra akagonga. Vumbi likatumwagikia vichwani, nami nikalia, sijui kwa ajili ya mama au kwa hofu iliyokuwa ikinitoka. Vibio aliondoka kabla kazi haijaisha.

Tangu siku hiyo hatujapewa kazi ya mji hata moja. Tunachonga makaburi ya maskini, na tunakula. Ofili huja na kigoda kila asubuhi, akakaa chini ya jiwe. Wasafiri wakimuuliza pale palipofutwa palikuwa na jina la nani, hasemi, maana amri ni amri. Huwaonyesha kwa fimbo mstari wa chini.

"Kamuulizeni aliyempenda," huwaambia. "Nyumba yake ile pale."