Vigingi vya Mstari Ulioachwa

Ukungu ulipopasuka, kigingi cha mwisho kilikuwa kimesimama ukingoni mwa korongo, na mbele yake hapakuwa na nchi tena. Nilimdaka Lovina ukosi wa koti. Ng'ambo, mbali mno kwa sauti ya mtu, moshi mwembamba ulipanda juu ya mahema ya baba yake.

Ansel, mume wangu, alikuwa mpima ardhi. Mwaka ule alikuwa kwenye milima ya Kolorado, akiitafutia reli njia ya kufikia machimbo ya fedha. Mimi na mtoto tulikaa bondeni kwa wifi yangu, tukiishi kwa barua. Alimchorea Lovina dubu pembeni mwa karatasi, akanilalamikia maharage yasiyotaka kuiva kule juu. Barua ya mwisho ilisema: "Njooni kabla ya theluji. Mkishuka garini, fuateni vigingi vyangu. Vitawaleta hadi mlangoni."

Ilikuwa imelala njiani majuma kadhaa. Hilo sikulifikiria. Barua ya mume ukiisoma unasikia sauti yake, unadhani anasema sasa hivi.

Bwana Tulley, mwendesha gari la farasi, alitushusha penye kigingi cha kwanza.

"Shemeji, huyo Ansel wako anachora mistari kama kuku anavyoparua. Ngoja kesho nikirudi, nikupeleke mwenyewe."

"Mume wangu ameandika."

"Haya. Kama ameandika, mimi ni nani?"

Vigingi vya kuonyesha reli itakapopita vilikuwa vyeupe, vina mwandiko wake wa penseli. Lovina alitangulia mbio, akakigusa kila kimoja, akanisubiri. Ukungu uliposhuka hakupunguza mwendo. Kwake, vigingi vya baba havikuweza kumpoteza mtu.

Na sasa tulikuwa pale ukingoni, jua linaelekea nyuma ya mlima, na barabara iko mbali nyuma yetu. Baridi ya kule humchukua mtoto bila kelele.

"Tushuke, mama. Baba si yule pale!"

"Hatushuki."

"Lakini barua imesema..."

"Barua haina shingo ya kuvunjika. Kaa hapa."

Hapakuwa na mti, ni mawe na nyasi tu. Mke wa mpima hujifunza hili kabla hajajua hata mumewe anapenda kahawa ya namna gani: kigingi hakiguswi. Mimi niling'oa kimoja, nikang'oa cha pili, nikajaza sketi. Nikawasha moto, nikautupia nyasi mbichi ili moshi uwe mzito. Tulijifunika blanketi moja. Kila Lovina alipofumba macho nilimtikisa, akalia, nami nikashukuru kwamba analia.

Kulipopambazuka Ansel alitokea upande wa juu na mwenzake mmoja, ndevu zimeganda. Alimkumbatia mtoto, akanipapasa uso kama kipofu. Kisha akayaona majivu.

"Umechoma mstari wangu, Thirza."

"Mstari upi? Huu unaoishia hewani?"

Mwenzake alicheka. Ansel hakucheka.

"Korongo lilitushinda. Tukauacha huu, tukapita kaskazini. Nilikuandikia."

"Hiyo bado inakuja," nikamwambia.

Nyinyi mnaosubiri barua za wanaume wa kazi hii, nisikilizeni. Mpima hujaribu njia nyingi, akazitupa, na alizozitupa huziacha zimesimama vilevile, nzuri kama ile ya kweli. Barua inakwambia alikokuwa. Usimbebe mtoto ukaondoka, mpaka aje mtu unayemwona kwa macho, akuchukue. Hata kama mwandiko ni wa mumeo. Hata kama umemkumbuka sana.

Siku hiyo Ansel hakwenda kazini. Alitulaza hemani, akatupatia kahawa na nyama ya nguruwe, halafu akarudi peke yake kwenye mstari ule. Alivitoa vigingi vyote vilivyobaki, hadi chini barabarani, ingawa hakuna aliyemtuma. Alirudi jioni na mzigo mgongoni, akaumwaga kando ya jiko.

"Tia motoni, binti yangu," alimwambia Lovina.

Mtoto alikishika kigingi kimoja kwa mikono miwili. Hakukitia. Alinitazama mimi kwanza.