Siku Arobaini na Moja za Folarin

...Jumanne, tarehe ishirini na nne Machi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, hapo ndipo ilipoanzia, si dakika moja kabla, kwa sababu saa moja na dakika thelathini na tisa Itohan alikuwa bado mtu mwenye jedwali safi, jedwali la timu nne na watu ishirini na wawili, kila mtu na siku zake za kazi tangu mwisho wa Machi hadi katikati ya Juni, Pasaka imetolewa, Mei Mosi imetolewa, Idi kubwa imetolewa, hata ile Ijumaa ya sikukuu ya demokrasia ambayo kila mwaka huwapita watu wengine ameitoa, zimebaki siku hamsini na nne kwa kila kichwa, na dakika iliyofuata Folarin, akiwa ameshika akara ya moto, ile bajia ya kunde, nyuma ya jengo lao pale Yaba, Lagos, akipuliza vidole, akasema bila kumtazama, "Naondoka, Itohan. Tarehe kumi na nane Aprili, Toronto. Usimwambie mtu"... na leo ni Alhamisi, saa kumi na dakika kumi alasiri, Itohan amesimama mbele ya ukuta wa mipango na watu wale wale wameinua mikono, kwa sababu ni kura ya imani, na mkono wake nao uko juu, vidole vitatu, wala hauhisi kitu, kama ufizi uliochomwa sindano na daktari wa meno, anajua upo kwa kuwa anauona. Msishushe, anasema Anti Nkoyo, mwendeshaji wa mipango, miwani ikining'inia kifuani, nahesabu timu moja moja na sina haraka, nyumbani kwangu hakuna umeme hata hivyo... vidole vitano maana yake mpango huu utatimia kwa hakika, vinne utatimia, vitatu tutajaribu, viwili au kimoja unasimama mbele ya wote unaeleza kwa nini, na ndiyo maana vitatu ni idadi ya waoga, Itohan anajua, amewaona watu wakijificha ndani ya vitatu robo mwaka baada ya robo mwaka, akawadharau kidogo. Hamsini na nne, na Folarin atakuwepo kumi na tatu. Alizihesabu kichwani palepale kwa mama wa akara, kabla hata hajameza, wiki ya kwanza siku nne kwa sababu ya Ijumaa Kuu, ya pili nne kwa sababu ya Jumatatu ya Pasaka, ya tatu tano, kumi na tatu, hamsini na nne toa kumi na tatu, arobaini na moja, hilo ndilo neno la kwanza lililomjia rafiki yake alipomwambia kwamba anahama nchi, si pole, si hongera, si mimi je, bali arobaini na moja, akatafuna, akara haikuwa na ladha, na tangu hapo hakuna chenye ladha, hata wali wa jollof wa jana wa mkutano, ambao Tersoo wa timu ya Folarin alisema umepikwa na mtu aliyeachwa na mume asubuhi hiyo hiyo. Nyuzi nyekundu zinatoka kila upande wa ukuta, kila uzi ni kazi moja inayoisubiri nyingine, na zote zinaelekea safu ya timu ya Folarin, iliyojiita Egusi kwa jina la mchuzi, kwenye kadi zenye herufi F, kama mbuzi wa mtaa mzima waliofungwa kwenye kigingi kimoja, kwa sababu kazi kubwa ya robo hii ni kuzihamisha hospitali thelathini na sita kutoka kwenye ule mfumo wa zamani wa stoo za dawa, ambao wote wanauita Mzee, kwenda kwenye mfumo mpya, na Mzee anamjua mtu mmoja tu, Folarin, aliyekuja kampuni ikiwa na watu sita na choo kimoja. Jana walibishana saa tano nzima nini kitangulie nini kisubiri, kila timu ikililia chake, mpaka Oga, mkurugenzi wao, akapoteza subira akasema kila kitu ni cha kwanza, na Anti Nkoyo akamjibu kwa adabu zote kwamba kwa mama yake walizaliwa tisa, na bado kifungua mimba alikuwa mmoja... ndipo hospitali zikawekwa juu, zote thelathini na sita, siku tatu kwa kila hospitali, mia na nane kwa jumla, za Folarin na za mwenzake mmoja wa Egusi, na utepe wa kijani ukabandikwa chini yake, kilicho juu ya utepe tunakifanya, kilicho chini kinasubiri, na zilitosha, zilitosha barabara, haikubaki siku hata moja, Oga akapiga makofi, hesabu hizi, Itohan, hesabu hizi, na yeye akatabasamu, misuli ya uso ilikumbuka yenyewe namna ya kutabasamu. Kwako nataka kitu kimoja tu, Oga alimwambia siku alipompa jedwali, usikosee, na barua ya kumthibitisha kwenye nafasi hiyo ya upangaji inatoka mwisho wa Aprili, na kufikia hapo Folarin atakuwa amevaa koti zito mahali fulani. Sema basi. Lakini aseme nini, asimame mbele ya watu ishirini na wawili aseme nini, pasipoti ya Folarin iko ubalozini, haijarudi, na hapa Lagos hata mtoto anajua, safari haitangazwi, unawaambia watu ukiwa umeshafika, kwa picha ya uwanja wa ndege na mstari mmoja wa kumshukuru Mungu, na si ushirikina tu, maana Ejiro, mchoraji wao, alimwambia Oga mapema kwa moyo mweupe kwamba anahama, barua yake ya kazi ya kupeleka ubalozini ikakaa mezani wiki sita bila sahihi, ubalozi ukapiga simu ofisini kumuulizia na simu haikupokelewa, mpaka leo Ejiro yuko hapahapa Lagos, Surulere, anachora mialiko ya harusi... hapana, hiyo haisemwi. Egusi, anasema Anti Nkoyo, nyoosheni vizuri niwaone, na Tersoo, mrefu, shati limetoka nje ya suruali, ananyoosha vitano na kuwageukia wenzake wa timu ya pili, nyie wa vidole vinne, cha tano mmekiweka rehani kwa nani, wanacheka, mmoja anamwambia ngoja mkeo ajifungue tuone kama vidole hivyo utaviinua hata kushika kikombe, naye Tersoo anasema mimi nimeomba siku zangu kumi za Mei na Itohan ameziandika, na jedwali la Itohan halijawahi kunidanganya. Halijawahi kunidanganya. Sentensi hiyo inapita kichwani mwake taratibu, anaisikia kana kwamba imesemwa chumba cha pili. Siku kumi za Mei, kuanzia tarehe kumi na moja, ndiyo, aliziandika, na Folarin ndiye aliyewekwa kushika zamu ya simu siku hizo, kwa sababu stoo ya dawa ikigoma kufunguka hospitali hupiga saa yoyote, na mtu wa pili anayeweza angalau kumbembeleza Mzee ni Tersoo, hakuna wa tatu. Mwezi wa Januari mshauri mmoja Mholanzi aliwauliza hapahapa, kama mmoja wenu akigongwa na gari kesho, kazi ipi itasimama, na chumba kizima kikazungusha mikono juu ya vichwa na kudatisha vidole, Mungu apishe mbali, Mungu apishe mbali, si kwetu, na Anti Nkoyo akamwambia Bwana, hapa hatumwitii mtu ajali, keti unywe maji, na ile safu aliyoitaka kwenye jedwali, yenye kichwa Akikosekana, Itohan aliifuta mwenyewe, sekunde nne, kwa sababu ilikuwa tupu na yeye hapendi safu tupu... Folarin bado hajainua. Anautazama ukuta, mkono mmoja mfukoni, shati la bluu alilovaa siku ya mafuriko alipolibeba begi la Itohan kichwani kutoka kituoni mpaka mlangoni, akitembea kama mama muuza samaki, na hakuwa mpenzi wake, hajawahi kuwa, walikula pamoja tu chakula cha mchana kwa miaka mitatu, ni mara ngapi hiyo, karibu mia saba, acha, usihesabu. "Wewe bwana," anasema Anti Nkoyo, "au mkono umelala?" Na Folarin anautoa mfukoni na kuuinua, vitano, vimetawanyika wazi, bila kusita. Vitano. Angeweza vitatu. Itohan anangoja hasira ije, anaingoja kama mtu anayengoja lifti, haiji, kinachokuja ni kitu kidogo na kikavu, kwamba vidole vile havimgharimu chochote, na haigizi hata kidogo, anaamini kweli kwamba mpango utatimia, ameshautazama kama mtu anavyoutazama mtaa kutoka kwenye dirisha la ndege, mzuri, umepangika, wa watu wengine. Hakumwomba Itohan aubebe mpango. Alimwomba asiseme. Ni vitu viwili, siku mbili nzima amevishika kama kimoja, siri ni ya Folarin, haiguswi, lakini zile siku arobaini na moja si zake tena, na si siri, ni namba iliyo kwenye jedwali, na jedwali ni la nani. Tersoo bado amenyoosha vitano, mkono umeanza kumchoka, ameushikilia kwa mkono wa pili. "Itohan, tatu?" anauliza Anti Nkoyo, kalamu hewani. Tatu, Anti. Haya, tatu, na anaandika, na hakuna anayeuliza kitu, mikono bado iko juu, feni inazunguka, bado timu moja kuhesabiwa.

Kesho yake, Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, jenereta likiwa halijawashwa, alifungua laptopu kwenye giza la ofisi akaandika kwamba amekosea. Aliandika kuwa alisahau kuondoa siku za zamu ya simu katika timu ya Egusi, jumla yake arobaini na moja, kwamba mpango wa jana haubebeki, kwamba hospitali kumi na nne zisubiri Julai, kwamba kuanzia Jumatatu watu wawili zaidi wa Egusi wakae na Mzee wajifunze, na kwamba kosa ni lake peke yake. Aliisoma mara tatu, akahamisha mkato mmoja, akaituma kwa wote ishirini na wawili na kwa Oga. Kisha akavuta kiti, akavua viatu, akapanda, akaanza kuzibandua kadi za hospitali moja moja na kuzishusha chini ya utepe, akizinyoosha zikae sawa, na alikuwa amefika ya tisa simu ilipoanza kuita mezani. Aliona kutoka pale juu kuwa ni Oga. Akaiacha iite, akabandua ya kumi.