Dole la Kumi na Nne

Sisi wa kijiji cha Chaquillay, neno si neno mpaka liandikwe. Ng'ombe akivuka mpaka wa shamba, kikao kinaitwa, muhtasari unaandikwa. Mume na mke wakigombana hadi majirani wakasikia, muhtasari. Kisha saini, dole gumba, mhuri. Kwa hiyo msinishangae kwamba dole langu limo kwenye muhtasari uliomhusu Yobana, mtoto wa marehemu kaka yangu.

Yobana ndiye aliyekuwa akitarizi joho la kuvishwa sanamu ya Bikira kila mwaka, kazi aliyoachiwa na mama yake. Mwaka huu alimwacha Rusbel, mpwa wa Don Wilfredo, mwenyekiti wa chama chetu cha Bikira. Rusbel kwa hasira akaisambaza video waliyojirekodi faraghani enzi za mapenzi yao. Wiki haikuisha, kijiji kizima kilikuwa kimeiona, na hakuna hata mmoja aliyeiona.

Yobana akaenda mjini kwa mwendesha mashtaka. Karani akamwambia, "Dada, sheria ipo. Lete ushahidi: nani katuma, kamtumia nani, lini."

Akapita nyumba kwa nyumba. "Video gani tena?" "Mimi na simu yangu ya tochi?" Alipofika kwangu nikamwambia, "Mwanangu, mimi na mambo hayo wapi na wapi!" Mungu anisamehe, nilikuwa nimeiona.

Jumapili Don Wilfredo akaitisha kikao. "Mwanamke wa namna hiyo hagusi joho la Bikira!"

"Tusije tukamhukumu mtu kwa umbea," mama mmoja akasema.

"Umbea? Katibu, andika!"

Katibu, na mwandiko wake mzuri, akaandika: kwamba sisi wanachama kumi na tisa, baada ya kuiona kwa macho yetu video ambayo mwenyekiti aliipokea kwa mpwa wake Rusbel siku ya Jumanne na kuirusha kwenye grupu la chama saa mbili asubuhi, tukaitazama mara mbili ili tusimwonee mtu, tumeamua anyang'anywe joho. Dole la kumi na nne ni langu.

Nikatumwa mimi kumpelekea nakala. Nilimkuta bado anatarizi joho. Akasoma polepole mpaka kwenye madole.

"Hili ni lako, shangazi?"

"Ndilo."

"Mkaitazama mara mbili?"

"Ile ya kwanza ilikwama," nikajibu. Mjinga mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Hakunitukana. Aliikunja karatasi, akavaa kofia yake, akaenda kituoni kungoja gari la mjini.

Siku nne baadaye simu za Rusbel na mjomba wake zilichukuliwa na polisi, nasi wengine tukaitwa mjini kutoa maelezo. Don Wilfredo akaja mbio kwa Yobana, kofia mkononi. "Mwanangu, tuandike muhtasari mwingine, kwamba hatukuona kitu."

"Andikeni, mzee wangu," Yobana akasema bila kuinua macho kutoka kwenye joho, ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kuja kulichukua. "Na mhuri msisahau."

Zamu yangu ilipofika, karani alikuwa mchangamfu kweli. Alisema tangu aanze kazi hajaletewa ushahidi safi namna ile, mpaka saa imeandikwa. Akauliza jina, akauliza umri.

"Na huyu Yobana, mnajuana vipi?"

"Mimi ni shangazi yake."

Karani akaacha kuandika, akanitazama. Kisha akaandika, akanisogezea wino wa dole.