Kuinuka kwa Bila Karatasi

Bendi ilizaliwa katika oditware ya chini ya chuo, ukumbi wa mihadhara ulioingiliwa na ziwa mwaka maji yalipopanda. Yaliporudi nyuma yaliacha mstari wa matope ukutani, juu kidogo ya goti, na madawati yaliyovimba kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Hakuna mwalimu aliyekubali kufundisha tena mle. Kwa hiyo Pontien alipoomba ufunguo, mlinzi alimpa bila maswali, akamsihi tu afunge mlango vizuri, mbuzi wasije wakaufanya ukumbi zizi.

Pontien alisoma sheria. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Zamani aliwekwa seminari ndogo, akajifunzia gitaa huko, na huko huko akafukuzwa, kwa kuwa kwenye misa hakuweza kuuacha wimbo pale ulipokomea. Kwaya yote inanyamaza, padri anainua mikono aombe, gitaa la Pontien bado linatafuta njia.

Aliyemwita wa kwanza ni Kankindi, binti wa mkulima wa mpunga wa uwanda wa Ruzizi, mwanafunzi wa kilimo, aliyepiga besi katika kwaya ya kanisa lao la Kiprotestanti pale Kavimvira, karibu na mpaka. Kankindi hakuwa mtu wa maneno mengi. Besi ilimfaa: unasimama nyuma, unaishika nyumba isianguke, na hakuna anayekutazama. Wa tatu alikuwa Ayoubu, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini, ambaye alikuwa hajawahi kukalia bateri, ile seti ya ngoma za bendi, maishani mwake. Mikono yake ilikuwa imelelewa na dufu za maulidi, na alipopewa vijiti alivishika kama mtu aliyepewa uma wakati amezoea kula kwa vidole.

"Sasa tutapiga nyimbo za nani?" Kankindi aliuliza siku ya kwanza.

"Za hakuna muntu," Pontien akajibu. "Tunaanza, tunaona."

"Na zikiharibika?"

"Zikiharibika, tutaziharibu muzuri."

Wakaanza, na kweli zikaharibika. Ampli ya Pontien ilikoroma kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo, bateri ya Ayoubu ilikimbia mbele ikarudi, na Kankindi katikati akatafuta pa kukanyaga. Lakini jioni moja, bila mtu kusema neno, walijikuta wote watatu wamefika mahali pamoja, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepapanga, wakakaa hapo mpaka mikono ikauma. Kankindi alirudi nyumbani kwa miguu, akizipita pikipiki zote zilizomwita, kwa sababu hakutaka kusikia sauti nyingine.

Pontien aliweka sheria moja tu. Mmoja akinyamaza katikati, wengine wasisimame kumuuliza. Waendelee, atarudi akiona mlango. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitumia sana. Mara nyingine alipiga magoti, mara nyingine alilala chali sakafuni gitaa likilia peke yake kifuani, kisha ghafla akaamka na kitu kipya ambacho kiliwafanya wenzake wacheke kwa furaha.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa kwenye sherehe ya kuhitimu. Asistanti mmoja, mhadhiri msaidizi aliyesimamia ratiba, akawauliza iko wapi karatasi yao ya programu, nyimbo zipi, za muda gani. "Bwana Asistanti, sisi tuko bila karatasi," Pontien akamwambia. Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likawakaa. Nusu ya wageni walitoka nje wameziba masikio. Nusu iliyobaki ilisimama juu ya viti.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Vipande vya video vilipita kwenye simu za wanafunzi, vikaingia za motari wa pikipiki na za wauza samaki, vikavuka hata mpaka. Huko mtaa wa Mulongwe watoto walipiga masufuria wakisema wao pia ni Bila Karatasi. Vijana walipenda kwamba ukikosa onyesho umelikosa, halitarudi. Kanisani kwao Kankindi aliitwa mbele ya wazee na kuambiwa achague kati ya kwaya na zile kelele. Alirudisha besi ya kanisa siku hiyo hiyo, akakodi nyingine. Baba yake hakumgombeza, ila tangu hapo alipokuja mjini kuuza mpunga alilala kwa shangazi, si kwake.

Kisha akaja Emery, mwandaaji wa maonyesho kutoka Bujumbura. Alipiga simu kwamba atavuka kuwatazama kwa macho yake, na wakimfurahisha atawapa ukumbi mkubwa wa kule. Wakapata nafasi kwenye hoteli moja ya ufukweni, alasiri ya Jumapili, uani, jukwaa la mbao likitazama ziwa.

Mvua ilinyesha mchana ikakatika. Mbao zilibaki zimeloa, na maji yalituama pale nyaya zilipopita. Bafle, zile spika za mikro ya kuimbia, zilikula umeme wa jenereta. Ampli za magitaa zilichomekwa kwenye umeme wa hoteli. Walipokuwa wanajaribu vyombo, Kankindi aliinama kuisogeza mikro ya Pontien huku mkono mmoja ukiwa kwenye nyuzi za besi, na kitu kikamng'ata mpaka kwenye kiwiko.

"Yaya, hii mikro iko na umeme," alimwambia fundi wa hoteli, kwa heshima ya mdogo kwa kaka.

"Ni kidogo tu. Iko vile kila siku," fundi akajibu, akaenda kuhangaika na jenereta.

Kankindi akamfuata Pontien. "Mikro inauma. Tungoje mbao zikauke."

Pontien alitazama uwanja. Watu walikuwa wamejaa hadi ukutani, wanapiga miluzi, na mbele kabisa Emery ameketi, miguu ameikunja, anaitazama saa. "Bantu banangoja, Kankindi. Na ule muntu atavuka mupaka mbele ya jioni."

"Basi usiguse mikro."

"Sitagusa." Akacheka. "Weye uko na woga kama mama yangu."

Kankindi alikuwa na neno jingine mdomoni. Alilimeza. Akapanda jukwaani, akasimama mahali pake nyuma.

Hawakuwa wamewahi kupiga vile. Hata baadaye, aliyekuwepo na asiyekuwepo wote walikubali hivyo. Ayoubu alianza polepole kwa mapigo ya dufu, Kankindi akaweka besi chini yake, na Pontien akaingia kwa mbali kama mtu anayekuja kwa mashua akiimba. Wakapanda. Watu wa nyuma wakaja mbele, wahudumu wakaacha sinia. Emery alisimama. Na Pontien, macho kayafumba, ameshasahau mikro na ahadi na mvua, akasogea mbele atoe sauti pamoja na gitaa, kama alivyozoea anapofurahi. Midomo yake ikagusa chuma.

Hakupiga kelele. Alikakamaa, akainua uso juu, akaanguka chali na mikro mkononi. Gitaa likalia sauti moja ndefu.

Uwanja ukalipuka kwa makofi.

Ayoubu alizidisha mapigo. Kankindi alizama kwenye nyuzi za chini kabisa, akamwachia nafasi Pontien ya kurudi. Alimwona miguuni pake anatetemeka, akadhani anacheka. Simu zilikuwa zimeinuliwa kama shamba la mahindi. Waliendelea. Waliendelea vizuri kuliko mwanzo, na kwa muda ule, Mungu amsamehe, Kankindi alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata kanisani wala popote. Kisha akaona kandambili moja ya Pontien imeruka pembeni, na vidole vya ule mguu vimegeuka rangi. Vidole vya Kankindi mwenyewe vikapiga nota kadhaa zaidi kabla hajaweza kuvizuia.

Fundi ndiye aliyezima jenereta. Walimpakia Pontien nyuma ya gari la hoteli. Hospitali hawakumlaza hata kitandani. Daktari alimtazama hapo hapo garini, akamfumba macho.

Walimzika upande wa mlimani. Mama yake, Georgette, mjane anayeuza vitenge sokoni, alishikiliwa na wanawake wawili, na kila aliyemkaribia alimwambia neno lile lile: mtoto hakuteseka, Mama, alikufa papo hapo. Kankindi alisimama mbali. Hakwenda kumpa mkono.

Wakati huo video ilikuwa inazunguka dunia. Watu wa nchi ambazo Kankindi hajui zilipo waliandika chini yake, wengine kwa machozi, wengine wakisema huo ndio mwisho mzuri wa mwanamuziki. Bila Karatasi likawa jina kubwa. Emery alipiga simu kabla arobaini haijafika.

"Anataka twende Bujumbura," Ayoubu alisema. Walikuwa wamekaa mlangoni pa oditware, hakuna aliyetaka kuingia. "Iko kijana mumoja wa kule, Lionel, atapiga gitaa."

"Atapiga nini? Hatuna nyimbo."

"Atafuata video. Ameishika yote, nota kwa nota."

Kankindi akamtazama. "Pontien hakurudia kitu hata mara moja."

"Najua." Ayoubu alikuwa amekonda. "Lakini tukiacha, Pontien atabaki ule muntu aliyeanguka. Basi. Bantu batakumbuka kuanguka, hawatakumbuka kupiga. Weye unataka vile?"

Neno hilo lilimshinda. Akakubali. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Ayoubu: alitaka kusikia tena sauti ya alasiri ile, hata kwa mikono ya mtu mwingine.

Pale Kavimvira, ofisa wa mpakani alisoma tangazo lililobandikwa kwenye sanduku la bateri, akacheka. "Bila Karatasi? Basi mutavuka namna gani?" Ayoubu akacheka naye. Kankindi akatoa kitambulisho.

Lionel alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na aliogopa. Katika mazoezi alipiga kila kitu bila kukosea. Ndicho kilichomtisha Kankindi: pale Pontien alipojikwaa na kugeuza kujikwaa kuwa uzuri, Lionel alijikwaa pale pale, kwa kipimo kile kile.

Ukumbi wa Bujumbura ulijaa hadi ngazini. Walipopanda, watu walipiga vigelegele, na Kankindi akaanza kushika nyumba kama kawaida yake. Walipofika pale muziki ulipopanda, taa zikapungua. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Kankindi akageuka. Nyuma yao ukuta mzima ulikuwa Pontien, mkubwa kama nyumba, macho kayafumba, anaisogelea mikro.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba video itaonyeshwa. Akamtazama Ayoubu, na Ayoubu akainamisha macho kwenye ngoma zake bila kukosa pigo. Ndipo alipojua kwamba mwenzake alikuwa ameambiwa.

Pontien akaanguka ukutani. Lionel, kama alivyofundishwa, akapiga magoti na kuiacha ile nota moja ndefu ilie. Ukumbi ukapiga makofi. Kankindi akavua mkanda wa besi begani, akailaza chini polepole isitoe kelele, akashuka.

Emery alimkuta kwenye korido. Hakukasirika. "Binti, unaona namna banalia? Banalia juu ya rafiki yako."

"Minye sikulia," Kankindi alisema. "Siku ile, minye nilipiga."

Akapita. Asubuhi akavuka mpaka peke yake, na kutoka Kavimvira akapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa Georgette.

Alimkuta uani anakunja vitenge vya kupeleka sokoni. Georgette alifurahi kumwona, na furaha hiyo ilikuwa nzito kubeba. Alimletea kiti na chai. "Mwanangu, nilisema umetusahau. Weye ndiye alikuwa anakutaja kila siku."

"Mama, nimekuja kukuambia kitu."

Akamwambia. Mikro iliyomng'ata, fundi, neno alilolimeza. Kuanguka, makofi, na kwamba wao hawakusimama. Alisema yote bila kupumzika, na kadiri alivyosema ndivyo kifua chake kilivyofunguka, kama mtu anayeshusha gunia la mpunga.

Georgette aliendelea kukunja kitenge kile kile, anakikunja, anakikunjua.

"Alikuwa anatembeza mukono?" akauliza mwishoni.

"Alikuwa anatetemeka, Mama."

"Kwa hiyo alikuwa mzima bado."

Kankindi akakiweka kikombe chini.

"Bantu wote banasema papo hapo," Georgette alisema. Sauti yake haikupanda. "Hapa mutaani, sokoni, hata padri. Nilikuwa nalala na hiyo. Sasa weye umekuja kunyang'anya." Akaweka kitenge juu ya vingine, akakisawazisha kwa kiganja. "Uko mwepesi sasa? Nakuona uso. Uko mwepesi."

"Mama, nisamehe."

"Kunywa chai yako, uende. Usirudi tena kuniambia kitu."

Kankindi akainywa, kwa kuwa hakujua namna ya kuiacha. Ilikuwa na sukari nyingi. Georgette akapachika mzigo wa vitenge kichwani, akafungua lango, akasimama kando kumpisha apite wa kwanza, kisha akashika njia ya sokoni bila kugeuka.

Mwaka huo Bila Karatasi walipiga Kigali, halafu Dar es Salaam, ukuta ule ule nyuma yao, na mwanamke mwingine kwenye besi. Ayoubu alimpigia Kankindi simu mara kadhaa kutoka njiani. Walipeana habari za familia. Kankindi alimaliza masomo, akapata kazi Kamanyola, kwenye chama cha wakulima wa mpunga, ambako hakuna aliyejua kwamba aliwahi kupiga chombo chochote, na yeye hakuwaambia.